Mwenye nyumba amenifungia mlango kwa kufuli la pili: je, sheria inamruhusu?

#1 Mpangaji wa Kimara

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uelewa wa sheria, kwa sababu ninaandika haya nikiwa nimekalia begi langu nje ya mlango ninaoulipia kodi.

Nimepanga chumba na sebule hapa Kimara tangu Februari mwaka jana kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na kwa mazoea ya mji huu nilitakiwa kulipa miezi 6 kwa mkupuo, yaani 900,000. Mkataba wa kwanza tuliuandika kwenye karatasi ya daftari, tukatia saini mimi, mama mwenye nyumba na shahidi mmoja. Wa pili tuliuandika vilevile. Awamu ya tatu hatukuandika chochote, nilituma fedha kwa simu, naye akanijibu kwa ujumbe wa neno moja: "Nimepokea." Kipindi hicho kimeisha tarehe 31 Julai. Mshahara ulichelewa, nikamwomba anivumilie siku 20, akaniambia "sawa baba". Siku ya 9 nikapata msiba Korogwe, nikalala huko siku tatu, na leo niliporudi nimekuta komeo jipya limepigiliwa juu ya langu, lina kufuli kubwa la shaba ambalo hata kibandiko cha bei hakijatolewa. Unga wa mbao iliyotobolewa bado uko sakafuni.

Ndani kuna kitanda, jokofu lenye chakula, sare za shule za mwanangu na vyeti vyangu vyote. Maswali yangu ni haya: je, ana haki ya kufunga? Je, nikilivunja kufuli hilo nitakuwa nimetenda kosa? Na kama anataka niondoke, ninastahili notisi ya muda gani?

#2 Fundi Grainda

Pole kwa msiba, na pole kwa kufuli. Mimi si mwanasheria, lakini kufuli la shaba la ukubwa huo halimalizi dakika mbili mbele ya grainda ndogo. Niko Mbezi, nauli ni juu yako.

#3 Karani Mstaafu

Mleta uzi, tafadhali usimwite huyo wa namba 2 kabla ya kusoma hapa.

Nimekaa kwenye masjala ya baraza la ardhi kwa miaka mingi, nikapokea majalada ya aina hii hadi nikayachoka, na karibu kila mara aliyevunja kufuli ndiye aliyeonekana mkosaji asubuhi iliyofuata, kwa sababu shauri la pango ni la madai, ilhali uharibifu wa mali ni la jinai, na polisi hulielewa la pili haraka kuliko la kwanza. Ukienda kituoni kulalamika kwamba umefungiwa, huenda ukaambiwa kwamba hayo ni ya madai, nenda baraza. Yeye akienda kulalamika kwamba umemkatia kufuli, jalada linaweza kufunguliwa siku hiyohiyo.

Ama kuhusu haki yenyewe, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayohusu upangishaji, na ndani yake kuna masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika kila mkataba wa pango hata kama hamkuyaandika. Kifungu cha 88 kinamfunga mwenye nyumba: amwache mpangaji akae kwa amani bila kubughudhiwa maadamu analipa kodi na kutimiza masharti, na kama ni nyumba ya kuishi, iwe inafaa kuishi binadamu. Kifungu cha 89 kinamfunga mpangaji: alipe kodi kwa wakati, aitunze nyumba, na asimpangishe mtu mwingine bila ridhaa. Mpangaji akikosa kulipa, sheria inamtaka mwenye nyumba ampe taarifa ya maandishi inayotaja kosa na kumpa nafasi ya kulirekebisha, kisha ndipo hatua nyingine zifuate. Komeo lililopigiliwa mtu akiwa msibani si taarifa ya maandishi.

#4 Nyumba Tatu

Nashukuru kwa elimu, Karani, lakini naomba na sisi wenye nyumba tusikilizwe, maana nyuzi za namna hii huwa kesi ya upande mmoja.

Nina nyumba tatu, mbili Tabata na moja Kinyerezi, nilizozijenga tofali kwa tofali kwa miaka 19, na moja kati ya hizo ndiyo inayonilipia dawa za presha. Nimewahi kuwa na mpangaji aliyelimbikiza kodi ya miezi 5. Nilimwandikia barua tatu. Nilikwenda serikali ya mtaa, nikaenda kata, nikaenda baraza la wilaya, nikapewa tarehe, nikapewa tarehe nyingine, shauri likachukua miezi 14, na nilipopata hukumu nilikuta amehama usiku wa kuamkia siku hiyo. Aliondoka na vishikizo vya balbu. Alifungua soketi ukutani zote nne akaacha nyaya zimechomoza, na bomba la jikoni alilikata akaziba tundu kwa gunzi la mahindi. Gunzi hilo ninalo hadi leo.

Sasa niambieni, mtu wa aina yangu akiona siku 12 zimepita na mpangaji haonekani, mlango umefungwa, taa haiwaki, afikirie nini? Pengine mama huyo hakumfungia mpangaji nje. Pengine alivifungia vyombo ndani ili visihamishwe usiku.

#5 Binti wa Ukonga

Nyumba Tatu, pole kwa gunzi, ila mleta uzi hajakata bomba la mtu.

Nijibu swali la tatu: ninavyofahamu, notisi ya kumhamisha mpangaji ni miezi mitatu. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa sisi tulipopangiwa, na dada yangu alipewa mitatu.

#6 Karani Mstaafu

Binti wa Ukonga, miezi mitatu ni jambo ambalo watu wengi huliandika kwenye mikataba yao, na ikiandikwa inawafunga. Isipoandikwa, haiwi sheria kwa sababu tu dada yako aliipata. Kanuni ya Sheria ya Ardhi kwa upangaji usiotaja muda ni kwamba huhesabiwa kuwa wa vipindi, kipindi kikiwa kile ambacho kodi hulipwa, na notisi isipungue urefu wa kipindi hicho. Anayelipa kwa mwezi hupewa mwezi.

#7 Mhesabu Siku

Hapo ndipo penye utamu, Karani, nawe umepapita kwa kasi. Mleta uzi analipa kwa miezi 6. Kama kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa, basi notisi yake ni miezi 6, na mama mwenye nyumba ametumbukia kwenye shimo alilolichimba mwenyewe alipodai fedha za nusu mwaka kwa mkupuo.

Ila upande wa pili atasema kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi, kama mleta uzi mwenyewe alivyoandika kwenye namba 1, na kulipa ya miezi 6 kwa pamoja ni namna ya malipo tu, haibadilishi kipindi. Na mtu wa tatu atasema huu haukuwa upangaji wa vipindi kabisa, bali ni mikataba mifupi ya miezi 6, kila mmoja una mwanzo na mwisho wake, na wa mwisho ulijifia wenyewe tarehe 31 Julai bila kuhitaji notisi ya mtu yeyote. Yote matatu yanategemea maana ya ule ujumbe wa "Nimepokea". Amepokea nini? Kodi ya mkataba mpya wa miezi 6, au kodi ya mtu anayeendelea kukaa?

#8 Nyumba Tatu

Mimi naunga mkono hilo la tatu. Mkataba umekwisha, mpangaji ni mgeni.

#9 Karani Mstaafu

Hata mgeni hufukuzwa kwa utaratibu. Na alipomwambia "sawa baba" kwa siku 20, alimkaribisha mwenyewe hadi tarehe 20 Agosti. Mleta uzi, maneno hayo aliyasema kwa mdomo au aliyaandika?

#10 Mpangaji wa Kimara

Kwa simu, wakuu. Hakuandika. Nashukuru kwa michango. Usiku huu nitalala kwa kaka yangu Manzese.

#11 Mgeni wa Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu mambo haya yamegawanywa. Kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake, na mwenye nyumba iliyo chini ya sheria hiyo hawezi kukutoa bila amri ya baraza. Wenye maduka, hoteli na mikahawa wana sheria yao, Sura ya 301, na baraza lao pia, na humo notisi haipungui miezi miwili. Aidha, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema mpangaji anayetolewa kinyume cha mkataba huondolewa papo hapo wajibu wa kuendelea kulipa kodi. Nashangaa kwamba Dar es Salaam mtu anafungiwa mlango na watu wanajadili grainda.

#12 Mkazi wa Zamani wa Eastleigh

Mgeni wa Nairobi, usiwatie wivu watu bure. Hiyo Sura ya 296 inazilinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Hebu nionyeshe nyumba ya 2,500 leo, mimi nitaihamia kesho na watoto wangu. Na kwenu kuna sheria ya kumkamatia mpangaji mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, dalali wa mahakama anakuja na lori anabeba sofa. Niliishi huko miaka 8 na niliwahi kufika nyumbani nikakuta mlango wa mabati umeng'olewa wote, si kufungwa. Alichoniambia mlinzi ni kwamba mwenye nyumba "ameuazima".

#13 Mgeni wa Nairobi

Sahihisho la 2,500 nalikubali. Mlango wa kuazima nimecheka, samahani.

#14 Mzee wa Kariakoo

Vijana, tatizo lenu hamjui mlikotoka. Na sisi tulikuwa na sheria hiyo. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, sisi tuliokuwa tunapanga Kariakoo na Upanga tukawa wapangaji wa Msajili wa Majumba, hadi shughuli zake zilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Na kwa nyumba za watu binafsi kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, yenye mabaraza yake ya nyumba. Mwenye nyumba hakupandisha kodi kwa jinsi alivyoamka. Hakukutoa bila sababu ambayo sheria imeitaja, na bila baraza kuridhia.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na katika mapatano mwenye ufunguo ndiye mwenye sauti. Hilo kufuli la Kimara lilitengenezwa mwaka 2005, ila limefika mlangoni leo.

#15 Mhandisi wa Goba

Shikamoo Mzee. Naomba kupingana nawe kwa heshima. Baba yangu alipanga Ilala wakati wa sheria hiyohiyo, na kodi ilikuwa nafuu kwenye karatasi, lakini ili upate chumba ilibidi utoe kilemba, tena kinono, chini ya meza, bila risiti. Kodi ikidhibitiwa na nyumba hazitoshi, fedha hutafuta mlango mwingine. Kufutwa kwa sheria hakukuleta uhaba wa nyumba, uhaba ulikuwapo. Wapangaji 20 wanagombania chumba kimoja chenye maji, na mwenye chumba analijua hilo, ndiyo maana anadai miezi 6, na ndiyo maana haogopi kumpoteza mpangaji aliyechelewa siku 12.

#16 Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Kilemba kilikuwapo, sikatai, nami nilitoa. Ila baada ya kilemba nililala usingizi miaka 22.

#17 Dalali wa Sinza

Kabla sijatajwa, nijitaje. Katika haya yote dalali hana kosa. Mimi nachukua kodi ya mwezi mmoja baada ya mteja kuingia, basi. Hata ile miezi 6 siitungi mimi. Wenye nyumba wengi wanaidai kwa sababu fedha hiyo imeshapangiwa ada za shule au bati la nyumba ya pili, na ukimwambia mtu apokee 150,000 kila mwezi atakuambia fedha ya namna hiyo inaishia kwenye nyanya.

#18 Binti wa Ukonga

Na ile elfu kumi ya "kuonyeshwa nyumba" ambayo tunalipa hata tusipoipenda nyumba, nayo haina kosa? Mimi nimewahi kuonyeshwa chumba ambacho tayari kina mtu, amejifunika shuka, akatuambia karibuni.

#19 Dalali wa Sinza

Hiyo ni ya nauli.

#20 Mama Wawili

Naomba kutoa kisa changu, kwa sababu kinaligusa swali la nani hasa ni mwenye nyumba. Nilipanga Mbagala, nikalipa mwaka mzima. Mwezi wa 5 akaja mwanamume mwenye bahasha, akasema ameinunua nyumba na ananipa siku 14. Mwenye nyumba wa awali alikuwa hapokei simu. Nililia sana, nikaanza kufunga vyombo, hadi jirani yangu mmoja aliponipeleka kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Yule dada aliisoma karatasi yangu ya mkataba, akaniuliza swali moja tu: "Huyu bwana amenunua nyumba, au amenunua na wewe?" Akamwandikia barua kwamba aliyenunua nyumba yenye mpangaji ameinunua pamoja na mkataba wa mpangaji huyo hadi uishe, na kama ana dai lolote akaliulize kwa aliyemuuzia.

Nilikaa hadi mwezi wa 12. Hakuja tena, ila alituma mtu akang'oa mti wa mwembe uliokuwa unatupa kivuli.

#21 Karani Mstaafu

Asante Mama Wawili. Wasomaji wengine wajue kwamba tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi hao wanatambuliwa rasmi, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni ya bure. Aliyekushauri alikuwa sahihi, kwa sharti kwamba mkataba wako ulikuwapo kabla ya mauzo na ulikuwa na maandishi ya kuonyesha. Bila ile karatasi, barua yake ingekuwa na kazi ngumu.

#22 Mhasibu wa Mtaa

Hapo kwenye maandishi nami niweke neno, ingawa halitampendeza mtu. Mkataba wa pango unatakiwa ulipiwe ushuru wa stempu, ambao kwa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa mleta uzi ni kama shilingi 18,000. Karatasi isiyolipiwa inaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ilipiwe, na ikicheleweshwa huongezwa adhabu. Ile karatasi ya daftari ya Kimara naamini haina stempu.

Pia kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo ni kodi ya mwenye nyumba, ila mpangaji ndiye anayetakiwa kuizuia na kuiwasilisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 yalipowagusa hadi wapangaji wa nyumba za kuishi, kelele zilikuwa nyingi, na sijaona mpangaji wa chumba na sebule aliyemwambia mama mwenye nyumba, "nimekukata asilimia 10 nimeipeleka serikalini". Angelikuta kufuli siku hiyohiyo, wala si ya 12.

Kwa maoni yangu ndiyo sababu halisi ya mikataba ya mdomo. Pande zote mbili zinaikimbia karatasi kwa sababu karatasi ina kodi. Halafu siku ya ugomvi kila mmoja anaitafuta.

#23 Mlipa LUKU

Kwa kuwa kodi zimetajwa: na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021? Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mimi. Niliambiwa nikubaliane na mwenye nyumba anirudishie kwenye pango. Nilipomwomba, alicheka hadi akakaa chini.

#24 Nyumba Tatu

Mimi wangu nawarudishia. Ulizeni Kinyerezi.

#25 Fundi Grainda

Nyumba Tatu, tunaomba namba ya chumba kilicho wazi huko Kinyerezi.

#26 Mkazi wa Masaki

Huku kwetu ugomvi ulikuwa wa dola. Mwenye nyumba alikuwa anadai kodi kwa dola, na kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 zilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, alinipa mkataba mpya wa shilingi ambao, nilipopiga hesabu, ulikuwa umepanda kuliko dola zenyewe. Nimebaki najiuliza kama nimelindwa.

#27 Mhandisi wa Goba

Mkazi wa Masaki, pole, ila kuna mtu kwenye uzi huu hana pa kulala. Turudi Kimara.

#28 Msomi wa Dodoma

Narudi Kimara kwa hoja ambayo hamjaigusa. Nimesoma mahali kwamba sheria inamruhusu mwenye nyumba kuirudisha nyumba mikononi mwake ama kwa kwenda mahakamani ama kwa kuingia kwa amani. Mama huyu hakumpiga mtu, hakutoa chombo nje, hakuvunja kitu. Je, huko si kuingia kwa amani?

#29 Karani Mstaafu

Msomi, hilo neno "kwa amani" limewaponza wengi. Kwanza, njia yoyote kati ya hizo hutanguliwa na taarifa, na hapa haipo. Pili, nyumba yenye kitanda cha mtu, vyeti vyake na sare za mtoto wake haijaachwa. Mkaaji wake yumo hata akiwa Korogwe. Kungoja mtu aende kuzika ndipo utoboe mlango ni amani ya aina gani?

#30 Msomi wa Dodoma

Nakubali kuhusu taarifa. Kuhusu amani bado sijashawishika, maana kama angefanya mchana mpangaji akiwapo ndipo vita ingekuwapo.

#31 Mjukuu wa Bububu

Niongeze tahadhari ndogo tu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba: Sheria hiyo ya Ardhi ya mwaka 1999 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo msiende mahakamani huko na kifungu cha 88 mkononi. Asanteni.

#32 Balozi wa Shina

Mimi ni mjumbe wa shina, na kesi za makufuli naamua mbili kwa mwezi. Mleta uzi asihangaike na baraza la wilaya. Aende baraza la kata, wakimsikiliza watatoa hukumu mama afungue.

#33 Karani Mstaafu

Mjumbe, kwa heshima, umechelewa na mabadiliko. Tangu mwaka 2021 baraza la kata halina mamlaka ya kutoa hukumu katika migogoro ya ardhi. Limebaki na usuluhishi tu. Wasipowapatanisha ndani ya siku 30, au wakithibitisha kwamba wameshindwa, ndipo shauri linaweza kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Ni kweli hata hivyo kwamba mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kufungua mlango upesi kuliko wote, kwa sababu mama mwenye nyumba anamwonea haya mwenyekiti, si jaji.

#34 Nyumba Tatu

Siku 30 za usuluhishi ndizo anazozisema kwa wepesi hivyo. Siku 30 mtu analala kwangu bila kulipa.

#35 Binti wa Ukonga

Au siku 30 analala Manzese na vyeti vyake viko Kimara.

#36 Balozi wa Shina

Sahihisho nimelipokea. Lakini makufuli yangu mawili ya mwezi uliopita yalifunguka bila kifungu.

#37 Mpangaji wa Kimara

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimesoma michango yote, na Fundi Grainda nakushukuru, sikukuita.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na zile karatasi mbili za daftari, pamoja na muamala wa simu wa awamu ya tatu. Alimpigia mama mwenye nyumba, akaja na kanga begani na mkufu wa funguo mkononi. Hakukana. Alisema aliona giza siku tatu, akaambiwa na mtu kwamba nimehamisha vyombo usiku, akaogopa. Alisema pia, na hili sikulitegemea, kwamba mpangaji aliyenitangulia alimwacha na deni la maji la miezi 7, na kwamba yeye mwenyewe alishaahidi fedha ya Agosti kwa fundi wa paa. Mwenyekiti hakutaja kifungu chochote. Alimuuliza tu: "Mama, ungemkuta mwanao amefungiwa hivi ungefanyaje?" Mama akasema angempigia huyo mwenye nyumba simu kwanza. Kukawa kimya kidogo.

Tumekubaliana nilipe miezi 2 sasa, yaani 300,000, na iliyobaki mshahara ukitoka. Amefungua. Chakula cha kwenye jokofu kilikuwa kimeharibika kwa sababu LUKU iliisha nikiwa msibani, kwa hiyo hilo nalo sijui nimdai nani. Vyeti vipo. Ila komeo lake halikutolewa mlangoni. Kufuli la shaba linaning'inia humo, limeachwa wazi, na ufunguo wake anao yeye.

#38 Nyumba Tatu

Mmeona? Mama ni mtu. Hongereni nyote wawili.

#39 Mama Wawili

Alhamdulillahi kwa vyeti. Mwambie akuondolee hilo komeo, au ulinunue kufuli lenyewe.

#40 Fundi Grainda

Komeo la skrubu nne halihitaji hata grainda. Bisibisi inatosha.

#41 Karani Mstaafu

Usiliguse. Mwombe kwa maandishi alitoe, utunze nakala, na safari hii muandike mkataba wenye kipindi, notisi na stempu.

#42 Mhesabu Siku

Mleta uzi, hongera. Nina swali moja tu, kwa sababu ya ule ubishi wa namba 7. Ulipompa hiyo 300,000 mbele ya mwenyekiti, kwenye risiti ameandika ni kodi ya nini, na ya kuanzia lini hadi lini?

#43 Mpangaji wa Kimara

Hakuandika risiti, mkuu. Nilituma kwa simu. Amejibu, "Nimepokea."